Tunazikana kwa umoja, kwa nini tuugue kila mtu peke yake?

Ijumaa hii tumeona tulizungumze jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, ilhali limo katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, kuanzia mjini hadi migombani na visiwani: jambo la familia iliyokuwa na bima ya afya, na leo haina.

Baba alikuwa ameajiriwa, mkataba wake umekwisha. Mama alikuwa akifundisha, shule imepunguza walimu. Mtoto alikuwa na kadi yake, muda wa kadi umepita na utaratibu wa kuihuisha umebadilika. Kwa siku moja familia hupoteza vitu viwili, kipato na kadi. Maradhi nayo hayasubiri mtu apate kazi nyingine. Homa ya mtoto huja usiku uleule, shinikizo la damu la bibi linataka dawa mwezi uleule, na mjamzito hawezi kuahirisha siku yake ya kujifungua.

Tunataka kuonyesha kwa nini familia moja ikisimama peke yake hupata tabu kubwa kuirudisha bima iliyoipoteza, na kwa nini dawa ya tabu hiyo huenda iko karibu nasi zaidi kuliko tunavyodhani, ndani ya vyama vyetu vya kuzikana.

Tulikotoka

Wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya baada ya uhuru mgonjwa alitibiwa bure katika hospitali za Serikali. Mwaka 1993 ulianzishwa utaratibu wa kuchangia gharama, na tangu hapo fedha ikawa sehemu ya safari ya mgonjwa. Kwa watumishi wa umma ilitungwa sheria ya mwaka 1999 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mfanyakazi na nusu anatoa mwajiri, na kadi humlinda mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 600,000 huchangiwa shilingi 36,000 kwa mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka, na yeye mwenyewe anakatwa nusu tu ya hizo. Kwa fedha hiyo watu sita wanalindwa. Ajira ikikoma, nusu ya mwajiri huondoka, na ile nusu nyingine haina tena mshahara wa kukatwa.

Kwa wasio na ajira ya Serikali, mwezi Novemba 2019 Mfuko huo ulileta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, ambavyo mtu alijilipia mwenyewe. Kiwango cha chini kilianzia shilingi 192,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja mwenye umri wa miaka 18 hadi 35. Msomaji aone tofauti hiyo. Yule anayekatwa shilingi 216,000 kwa mwaka katika mfano wetu alilinda roho sita, na huyu mwenye kutoa 192,000 alilinda nafsi yake peke yake. Si ajabu basi kwamba mkulima wa Kamachumu au mvuvi wa Bumbire alitazama bei, akahesabu watoto wake, akarudi nyumbani kimya.

Aidha, ulikuwepo Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kupata sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita mikoani ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na ofisa mwandikishaji aliwafuata watu vijijini na kuwapiga picha kwa simu. Bei hiyo ilikuwa nafuu sana. Hata hivyo, nyumba nyingi zilijiunga mwaka mmoja, zikakaa salama, zikaona fedha yao imeliwa, na mwaka uliofuata hazikurudi.

Funzo la kadi ya watoto

Ili tuelewe kwa nini bima ya mtu mmoja mmoja huwa ghali, hatuna mfano ulio wazi kuliko Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzazi alimwandikisha mtoto aliye chini ya miaka 18, na mtoto huyo akatibiwa hadi hospitali kubwa. Wazazi wengi waliipokea kwa shukurani. Kisha, mwezi Machi 2023, uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kupitia shule au katika vifurushi vya familia.

Malalamiko yalikuwa makubwa, na yalikuwa ya haki kwa mama mwenye mtoto wa selimundu au wa moyo, aliyekuwa akitegemea kadi ile kila mwezi. Lakini sababu iliyotolewa inafaa itufundishe. Wazazi wengi walikuwa wakimwandikisha mtoto pale anapougua, na wenye watoto wazima wakibaki nje. Fedha iliyotoka kutibu ikaizidi mara nyingi fedha iliyoingia.

Bima yoyote duniani husimama juu ya jambo moja: wazima wengi wawabebe wagonjwa wachache, huku kila mmoja akijua kwamba kesho zamu inaweza kuwa yake. Wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko hauna mtu wa kuwabeba. Hapo hutokea mambo mawili, ama bei hupanda hadi maskini asiifikie, ama mlango hufungwa. Ndiyo maana kundi zima, kama vile shule, kiwanda, chama cha ushirika au kijiji, hupata bima kwa unafuu ambao mtu mmoja haupati. Kundi huingia na wazima wake pamoja na wagonjwa wake.

Tangu mwaka 2023 taratibu za kadi za watoto na za vifurushi zimebadilika zaidi ya mara moja. Mzazi aliyepoteza kadi asitegemee habari za kusikia barazani, bali afike ofisi ya Mfuko mjini Bukoba aulize lililopo leo.

Tuliyonayo nyumbani

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2000 watafiti walikaa katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, wakazitembelea kaya zote 119 mara kadhaa katika mwaka mmoja. Walitaka kujua jambo moja: mtu akiugua, nani humsaidia? Nyakatoke ni kijiji chenye Waislamu, Walutheri na Wakatoliki wanaoishi mgomba kwa mgomba, na matokeo yake yaliandikwa katika majarida ya uchumi yanayosomwa duniani kote.

Waligundua kwamba maradhi yalipoingia nyumbani, chakula hakikupungua kwa namna ya kutisha. Kijiji kilihakikisha jirani halali njaa. Lakini matumizi mengine ya nyumba, yale yanayohitaji fedha taslimu, yalilindwa kwa sehemu tu, na ulinzi huo ulitegemea mtu ana ndugu na marafiki gani wa kumkopesha. Kwa maneno mengine, ndizi ilipatikana kwa wote, fedha ikapatikana kwa mwenye watu.

Jambo la pili lililoonekana ni nguvu ya vyama vya kuzikana. Vyama hivi vina daftari la wanachama, kiingilio, mchango unaojulikana, na faini kwa asiyefika msibani. Mtu akifa, hakuna anayeuliza fedha itatoka wapi. Maharage, ndizi, kuni, fedha na mikono ya kazi hufika kabla jua halijazama. Huu ni utaratibu wa bima hasa, uliobuniwa na watu wa vijijini bila kufundishwa na mtu.

Kwa nini basi utaratibu huu haukuvuka kutoka kaburini kwenda hospitalini? Sababu ipo, na si roho mbaya. Kifo hakifichiki na hakidanganyiki, kila mtu hukiona, na gharama yake hujulikana. Maradhi ni tofauti. Yanaweza kudumu miaka, yanaweza kuwa siri ya mtu, na chama hakina njia ya kujua nani anaumwa kweli na nani anataka fedha. Mkoa wetu unaijua siri hiyo kuliko mikoa mingine, kwani wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilitufundisha kuzika vizuri sana, na ilitufundisha pia kunyamaza juu ya ugonjwa.

Kinachoweza kufanyika

Hapa ndipo tunapotoa rai yetu. Chama cha kuzikana hakihitaji kuwa hospitali, wala hakihitaji kumpa mgonjwa fedha mkononi na kuanza kumchunguza. Chama kinaweza kuwanunulia wanachama wake wote kadi za bima, siku moja, kabla mtu hajaugua. Baada ya hapo ugonjwa unabaki siri ya mgonjwa na daktari wake, na chama hakiulizi kitu.

Tupige hesabu kwa kile kiwango cha mwaka 2018 cha shilingi 30,000 kwa kaya. Tunakitumia kama mfano tu, kwa kuwa viwango hupangwa upya. Chama chenye kaya 40 kikikusanya shilingi 2,500 kwa kila kaya kwa mwezi, mwisho wa mwaka kina shilingi 1,200,000, na kaya zote 40 zimeandikishwa. Kila kaya ikiongeza shilingi 500 kwa mwezi, zinapatikana shilingi 240,000 za ziada, ambazo zinatosha kuziandikisha kaya nane nyingine zisizojiweza: mjane, mzee asiye na mtoto, kijana aliyefukuzwa kazi juzi. Na hata kiwango kikiwa mara tano ya hapo, kanuni ni ileile. Mzigo hugawanywa kwa miezi na kwa watu, na aliyeanguka mwaka huu hushikwa na wenzake hadi ainuke.

Wakulima wetu hawapokei mshahara kila mwezi. Basi mchango ukusanywe wakati wa kahawa, fedha inapokuwa mkononi, kabla haijamalizwa na ada za shule na sherehe. Wavuvi wa visiwani wana misimu yao, nao wapange kwa misimu hiyo. Wenzetu wa Ethiopia wana vyama vya kuzikana viitwavyo iddir, na baadhi yake vimekwisha kuongeza msaada wa maradhi juu ya ule wa mazishi. Hatutakuwa wa kwanza kujaribu.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kadi hutibu kila kitu. Zipo zahanati zinazoishiwa dawa, na mgonjwa mwenye kadi huambiwa akanunue dukani. Kadi nyingine zina mipaka, na kwa kawaida hutaka mtu aanzie zahanati au kituo cha afya na kupewa rufaa kabla ya kwenda hospitali ya mkoa, Bugando au Chato. Hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo wilayani Muleba zilianzishwa na makanisa, na zimewatibu Waislamu na Wakristo kwa miaka mingi. Chama kiulize mapema kama hospitali iliyo karibu inapokea kadi kinayotaka kununua. Kiongozi wa chama akiuliza kwa niaba ya kaya 40 husikilizwa kuliko mgonjwa mmoja aliyesimama dirishani.

Wakati kadi haijapatikana, ipo misamaha ambayo watu wengi hawaijui. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza kwamba katika vituo vya Serikali wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hali kadhalika matibabu ya kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Asiyeweza kulipa amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na awe na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Kuomba msamaha huo si aibu, nao ni bora kuliko kuuza shamba la urithi.

Maswali ya waumini

Wapo ndugu wanaouliza kama bima inakubalika katika dini yetu. Swali hili ni la haki, na halifai kupuuzwa. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilitofautisha aina mbili. Bima ya kibiashara, ambamo kampuni hupokea malipo maalumu ili ijipatie faida, lilisema ina shaka kubwa inayouharibu mkataba. Bima ya kushirikiana, ambamo watu huchanga kwa nia ya kusaidiana, liliiruhusu na kuihimiza. Fatwa ya mfuko huu au ule tunawaachia masheikh wetu. Lakini chama cha kaya 40 za jirani, wasiotafuta faida kwa maradhi ya mwenzao, kiko karibu sana na ile aina ya pili.

Hapo pia limo jibu kwa yule anayelalamika kwamba hakuugua mwaka mzima na fedha yake imeliwa. Katika takafuli, mchango huhesabiwa kuwa ni kutoa kwa hiari kwa ajili ya wenzio. Fedha yako haikupotea. Ilimnunulia jirani sindano, nawe ukapewa mwaka wa uzima. Nani kati yenu wawili aliyepata faida kubwa zaidi?

Tunakumbuka pia habari za Al-Ash'ariyyun, kabila lililotoka Yemen, zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Chakula kilipowapungukia safarini au mjini Madina, walikusanya kila walichokuwa nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwa tabia hiyo. Hawakungoja kila nyumba iishiwe peke yake.

Wengine husema kujiandaa kwa maradhi ni kuyaita, au ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ndugu zetu, mbona sanda tunainunua kabla, na daftari la kuzikana tunaliandika majina yetu wenyewe tukiwa wazima? Kama kujiandaa kwa mauti hakuyaiti mauti, kujiandaa kwa homa hakuiiti homa.

Tunawakumbusha pia wenye kutoa zaka kwamba Surat At-Tawba imetaja mafungu manane, na ndani yake wamo mafakiri, masikini na wenye madeni. Mtu aliyekopa ili amtibu mtoto wake, na sasa anamkwepa mwenye duka, anaishi mtaani kwetu. Kamati ya msikiti inayomjua ipeleke jina lake kwa wenye kutoa, kwa staha, bila kulitangaza.

Sheria imekwisha kupita, tuipokee tukiwa pamoja

Tarehe 2 Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Rais akaitia saini kabla ya mwaka kwisha. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe na bima, inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake, na inaweka njia ya Serikali kuwagharimia wasio na uwezo watakaotambuliwa. Utekelezaji wake umepangwa kwenda hatua kwa hatua.

Katika hatua hizo zote litaulizwa swali: nani katika kijiji hiki hana uwezo kweli? Swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri na mtu aliye mbali. Wanaojua ni wale wenye daftari la msibani, wanaojua nani alishindwa kuleta mchango na kwa nini. Kijiji chenye chama kilicho hai kitatoa majina ya kweli. Kijiji kisicho na chama kitaona majina ya wenye nguvu yakitangulia, na mjane akibaki nje ya orodha.

Kwa hiyo tunaomba yafanyike mambo matatu, nayo yako ndani ya uwezo wetu. Kila chama cha kuzikana kiweke ajenda ya kadi za afya katika kikao chake kijacho. Kichague watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, waende ofisi ya bima na hospitali ya wilaya kuuliza bei, mipaka na vituo vinavyopokea kadi, kisha waje kueleza mbele ya wote. Na kiweke kanuni kwamba mwanachama aliyepoteza kazi au aliyefiwa na mwenye kadi haondolewi katika daftari kwa mwaka mmoja, bali wenzake humlipia.

Tumezoea kumwona jirani akifika na mkungu wa ndizi begani siku ya tatu ya matanga, akikaa nasi hadi usiku. Mapenzi hayo ni ya kweli na hatutaki yapungue. Tunachoomba ni kwamba sehemu ya mkungu ule ifike mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuinuka na kusema ahsante.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awafungulie milango ya riziki waliopoteza ajira, na atujaalie kuwa wepesi kwa walio hai kama tulivyo wepesi kwa waliotangulia. Wabillahi Tawfiq.